Kisanduku Ndani ya Pipa la Mchele

Vellampudur
Alhamisi, 2 Oktoba

Dada Kayal,

Usishtuke kuona karatasi. Kaka Marudhu wa gari la maziwa anasema huko makao makuu ya Chama cha maziwa mmenyang'anywa simu zote. Hata huku kwetu kwenye kituo cha kupokelea maziwa asubuhi hii amekuja mtu na gunia la mchele, akakusanya simu za kila mfanyakazi, yangu ya vitufe na ya Mzee Sadaiyappan yenye kioo kilichopasuka. Nikamwambia yangu haina mtandao, ina tochi tu. Akasema, "Itie humu, mama, hata tochi inahitaji kupumzika." Kwa hiyo barua hii inakuja ndani ya kasha la sampuli. Ikinuka maziwa, nisamehe.

Sisi wazima. Iniya ameota jino la pili na analifanyia majaribio kwenye kila kitu, pamoja na bega langu. Baba yake bado yuko njiani na lori, mara ya mwisho alikuwa Nagpur.

Jana puja yetu ya kubariki vyombo ilipendeza sana, dada. Tulisubiri kwanza saa ya mkosi ya Rahu ipite, maana Mzee unamjua, katika saa ile hawashi hata kiberiti. Ilipopita tukaosha kila kitu. Mizani, pampu, kompyuta, ndoo, hata fagio langu, vyote vikapata alama ya sandali na unga mwekundu wa kumkum na taji la maua ya manjano. Mzee akapasua boga la kufukuza husuda getini, likapasuka vizuri, akafurahi kama amepasua kichwa cha adui. Iniya akala bisi za mchele kutoka sakafuni. Halafu vyombo vikalala mbele ya mungu wetu Saraswati mpaka leo asubuhi, isipokuwa pampu na tangi, kwa sababu ng'ombe hawajui sikukuu.

Leo kompyuta ilipowashwa ikaleta kioo cheusi chenye maneno mekundu ya Kiingereza. Watu wamejipanga na madebe yao mpaka barabarani. Mzee akaenda kwake akatoa vile vioo vyake vya zamani vya kupimia mafuta ya maziwa chini ya kitanda, akavipangusa, akaanza kupima kwa mkono na kuandika kadi. "Mashine imekufa," anasema, "mkono bado."

Kuna nini, dada? Huku watu wanasema Chama kimefilisika. Na yule mtu wa gunia alisema atakayegusa waya wowote ataondoka na polisi. Mimi mfagiaji nagusa nyaya kila siku. Kazi hii uliniombea wewe, sitaki kukuaibisha.

Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Vennila

* * *

Erode
Ijumaa, 3 Oktoba

Nila,

Nimefurahi kuona mwandiko wako kuliko unavyodhani. Hapa tunalala ofisini, tunakula idli zilizopoa, na hakuna anayemwamini mwenzake.

Chama hakijafilisika. Tumeingiliwa. Usiku wa puja wezi wa mitandaoni waliingia kwenye kompyuta zetu, wakijua kwamba ofisi nzima iko nyumbani inakula dengu. Waliingia kwa picha ya Saraswati. Ilitumwa kwa mhasibu kama salamu za sikukuu kutoka kwa mwenyekiti. Nani atamfuta Saraswati siku ya Saraswati? Akaifungua, akaigusia paji la uso, akaenda zake nyumbani. Ndani ya picha walikuwamo wao.

Wamefunga kila kitu: majina ya wafugaji, vipimo vya maziwa, malipo, chanjo za kila ng'ombe wa wilaya. Tusipowalipa kufikia Jumatatu adhuhuri, wanasema watautupa ufunguo. Na bado wamo ndani. Chochote kinachochomekwa kwenye mtandao wetu kinaoza papo hapo, kama tangi zima linavyochachuka kwa tone moja. Ndiyo maana ya gunia la simu. Ndiyo maana ya karatasi.

Sasa nisikilize. Kwenye rafu iliyo nyuma ya kompyuta ya kituo chenu kulikuwa na kisanduku cheusi chenye taa ya kijani. Nilikibandika karatasi mwenyewe: USIGUSE. ATAKAYEGUSA ATAFUKUZWA KAZI. Wakaguzi walioletwa kutoka Chennai wanasema kilinyamaza alasiri ya puja, saa kadhaa kabla ya wezi kuonekana kwetu. Wanaamini kazi ilianzia hapo, kwamba kuna mtu wa ndani aliyekizima. Nimemtuma mtu akakitazame. Hakipo.

Wewe unafagia pale. Umemwona yeyote akikibeba? Nakuuliza hasa kuhusu Mzee Sadaiyappan. Unakumbuka mkutano mkuu, tulipoleta mashine ya kupimia mafuta? Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Hizi mashine zenu siku moja zitawaliza, na mimi nitawapa leso." Wakaguzi wameambiwa maneno hayo. Wameyapenda sana.

Usimwambie mtu kwamba nimekuuliza.

Kayal

* * *

Vellampudur
Ijumaa jioni

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma chooni, mahali pekee ambapo Iniya hanifuati.

Swali lako: hapana. Sikumwona mtu yeyote akibeba kitu chochote. Hiyo ni kweli tupu, naweza kuishikia kafuri inayowaka.

Na Mzee hawezi, dada. Mtu anayempa paka wa kituo maziwa ya kwanza kabla hajanywa chai yake? Yeye ana mdomo tu. Leo mke wa Nachimuthu alimlalamikia kwamba amempunja kipimo, akamjibu, "Punguza maji kwenye debe, mama, halafu urudi tugombane vizuri." Lakini nyinyi mnasoma maneno yake kwenye karatasi, hamwoni uso wake. Kwenye karatasi kila mtu anaonekana mwizi.

Nina maswali mawili na mimi, ukipata nafasi.

La kwanza ni la jirani yangu Poongodi. Alikuwa anafanya usafi wa sikukuu, akapangusa kitu cha umeme kwa kitambaa kibichi. Si kibichi cha kuchuruzika, kibichi cha kawaida tu. Je, kitu hicho kinakufa? Kuna dawa? Anaogopa kukiwasha asije akakuta amekiua.

La pili ni la kujua tu. Mtu akifukuzwa kazi kwenye Chama, anafukuzwa siku ileile, au anaandikiwa kwanza apate muda wa kujipanga?

Iniya anasema "ta-ta-ta" akitazama barabara. Nadhani anamwita baba yake, ingawa Kaka Marudhu anadai anaiga injini ya gari lake.

Kula, dada. Nimekuwekea wali wa ukwaju kwenye kopo la bluu. Mwambie Marudhu lilikuwa limejaa.

Vennila

* * *

Erode
Jumamosi, 4 Oktoba

Nila,

Kopo lilifika nusu. Marudhu anaapa kwamba barabara ina mashimo.

Mwambie Poongodi mashine yake ya kusagia aifukie kwenye mchele mkavu, iwe ndani kabisa, na asiiwashe kwa siku kadhaa. Mchele unanyonya unyevu. Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, nikiwaza jirani yako na mashine yake huku mimi nina wilaya nzima iliyolowa.

Kuhusu kufukuzwa: anaandikiwa kwanza. Mzee Sadaiyappan ameshaandikiwa. Atakuwa amepata barua leo, amesimamishwa. Jumatatu asubuhi bodi inakaa. Ripoti ikipita, polisi wanamchukua mchana uleule. Ripoti imeshaandikwa, Nila, na inasema kisanduku kilikuwa chini ya mikono yake. Najua unampenda. Lakini mapenzi si ushahidi.

Nikuambie ambalo sikupaswa kulisema, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia na kichwa kinanipasuka. Kile kisanduku kilikuwa na nakala ya kila kitu. Kila jina, kila lita, kila sindano. Nilipigana na bodi mwaka mzima ili nakala moja ikae mbali na mji, hata moto ukiwaka hapa tusibaki uchi. Wakanicheka, wakasema, "Kayalvizhi anaota moto." Nikaipeleka Vellampudur kwa sababu ni kwetu, niliona iko mikononi mwa watu wangu. Tungekuwa na kisanduku kile leo, wezi wasingekuwa na la kutuuzia. Sasa mwenyekiti anataka kulipa. Wakishalipwa mara moja watarudi, kama fisi aliyeonjeshwa mbuzi.

Kingekuwa pale kwenye rafu yake, jicho lake la kijani linawaka, leo ningelala kwangu na Mzee angelala kwake kwa amani.

Basi. Mbusu Iniya kwenye lile jino la pili.

Kayal

* * *

Vellampudur
Jumapili, 5 Oktoba

Dada,

Kabla sijasema langu, nina neno.

Leo Mzee alikuja hapa nyumbani na ile barua ya kusimamishwa. Hakuja kulia. Alikuja na gazeti na ndizi za Iniya kama kawaida, akanipa barua akasema, "Mama Iniya, macho yangu yamechoka, hapa chini pameandikwa nani?" Macho yake hayajachoka, anaona kupe kwenye sikio la ndama toka ng'ambo ya barabara. Nilisoma. Sahihi ni yako. Si ya wakaguzi, ni yako, na ule mkia wa herufi ya mwisho aliotufundisha baba. Na barua inasema "kama nilivyoeleza katika ripoti yangu".

Uliniandikia kwamba ripoti imeshaandikwa, kana kwamba imejiandika yenyewe.

Akaenda dukani kwa chai. Nilipita pale na ndoo, akawa ameketi benchi zima peke yake. Wengine wote wamejibana upande wa pili kama kuku wakati wa mvua. Kijana mmoja akamtupia, "Mzee, hao wezi wamekulipa dola au maziwa?" Akajibu, "Mtindi, mwanangu, na umeshachacha, ndiyo maana unaona nanuka." Watu wakacheka lakini hakuna aliyesogea karibu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kumnyonyesha mtoto, maziwa yalikataa kutoka.

Nilikukasirikia, dada. Halafu nikaona sina haki ya kukukasirikia, kwa sababu wewe uliandika usilolijua, na mimi nilinyamazia ninalolijua.

Kisanduku ninacho mimi.

Alasiri ya puja Mzee alipokuwa getini na boga lake, nilikiona kipo peke yake pale kwenye rafu. Kila chombo kimepewa taji, yeye yatima. Mwaka mzima nafagia chini yake, na lile jicho la kijani halijafumba hata mara moja, usiku na mchana, sikukuu na siku ya kazi. Nilikionea huruma. Nikasema ndani ya moyo, hata wewe lala leo. Nikachomoa nyaya zote mbili, nikakipangusa kwa kitambaa kibichi, nikakitia sandali na kumkum na kitaji cha maua, nikakilaza mbele ya Saraswati chini ya jani la mgomba. Karatasi yako niliiona. Nilijiambia kugusa kwa puja si kugusa.

Asubuhi nilikuja mapema nikirudishe. Nikakuta mtu wa gunia ameshafika anapiga kelele za polisi. Nikakichukua pamoja na maua, nikakifunga mgongoni ndani ya nguo ya Iniya, na Iniya nikambeba mbele. Tangu hapo kipo nyumbani. Uliposema mchele, nikakifukia kwenye pipa la mchele. Poongodi hana mashine ya kusagia, dada. Mashine ilikuwa yako.

Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, kwa hiyo sijui naficha nini tena. Ninaogopa kazi hii ikipotea. Lakini nikimtazama Iniya akila ndizi za Mzee, naogopa zaidi kumlea kwa mshahara huo.

Basi nimeamua. Kesho asubuhi, maziwa yakishapokelewa, nitakirudisha kwenye rafu na kuchomeka nyaya zote mbili kama zilivyokuwa, mpaka jicho la kijani liwake. Sitaki wakaguzi wako waje wakute maiti. Wakikikuta kinawaka, nitasimama mbele yao niseme ni mimi. Najua ulisema kompyuta zinaoza zikichomekwa, lakini hiki si kompyuta, hakina hata kioo. Nikikiwasha kikaamka, nitajua sijakiua, na Mzee atalala kwake kwa amani kama ulivyoandika.

Barua hii Marudhu anaichukua na maziwa ya jioni. Usinijibu kwa hasira. Ukiweza, usinijibu kabisa, njoo tu siku moja tukae.

Nakupenda hata sasa.

Vennila

* * *

Jumatatu, geti la reli

VENNILA USIKICHOMEKE.

Hata waya mmoja. Wezi bado wamo kwenye mtandao wa kituo, watakila kabla Iniya hajapiga chafya. Kiache kwenye mchele. Barua yako nimepewa alfajiri, nipo ndani ya gari la Marudhu, geti limefungwa na treni ya mizigo haina mwisho. Nimepiga simu duka la chai kwa simu ya abiria, inaita tu. Karatasi hii nampa muuza maua mwenye pikipiki, amesema anajua njia ya mkato. Sina hasira. Usikichomeke.

K.

* * *

Erode
Jumatano, 8 Oktoba

Nila wangu,

Nikifumba macho bado nakuona. Umekaa kizingitini mwa kituo, Iniya mgongoni, kisanduku mapajani kimejaa punje za mchele, na waya mkononi. Nimeruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama, nimepoteza kiatu, nakimbia nikiwaza nimechelewa, na wewe unanitazama kwa utulivu na kusema, "Dada, bado. Ni saa ya Rahu. Kitu kilicholala puja hakiamshwi saa ya Rahu." Yule muuza maua na karatasi yangu alifika wakati sisi tumeshaanza kulia.

Mimi ambaye miaka yote nimeicheka saa ya Rahu. Bado siiamini. Lakini kila Jumatatu asubuhi sasa nitakuwa naitazama saa ya ukutani kwa adabu.

Hukuona yaliyofuata, maana baada ya kusema yako mbele ya bodi ulitoka kwenda kumnyonyesha mtoto. Ulisema vizuri. Hukumsingizia mtu, hukujitetea sana. Iniya alimng'ata mkaguzi kalamu, na nadhani hilo lilisaidia.

Kisanduku walikifungulia chumba cha peke yake, kwenye kompyuta mpya isiyojua mtandao wowote. Mkaguzi mkuu akatoa punje ya mchele kwenye tundu la waya kwa sindano, akaona kumkum, akaona petali ya ua, akaniuliza huu ni utaratibu gani wa usalama. Nikamwambia ni wa kwetu. Kikawaka. Kila kitu kimo, mpaka alasiri ile ya puja. Ya baadaye tunayo kwenye kadi za Mzee, na mwandiko wake ni mbaya lakini ni wa kweli. Hatulipi kitu. Adhuhuri ilipita, wezi wakatupa ufunguo wao, nasi hatukuinama kuuokota.

Sasa langu.

Ungetii amri yangu, Nila, kisanduku kingebaki kimechomekwa, na wezi wangekila pamoja na vingine vyote. Wakaguzi wamelithibitisha. Nakala niliyoipigania mwaka mzima niliipeleka mbali na mji, lakini niliifunga kwa kamba ileile ya mtandao. Ilikuwa ghala la pili kwenye moto uleule. Haikunipitia akilini kwamba kitu salama ni kile ambacho mara nyingine kinalala. Si kwamba wewe ulijua. Hukujua, na ungekichomeka wakati ule ningekuwa naandika barua nyingine kabisa. Tulikuwa na bahati tu, sote wawili, na bahati si kazi ninayolipwa kuifanya.

Mwenyekiti akaniuliza hatari kubwa kuliko zote katika Chama ni ipi. Nilikuwa na jedwali langu lenye nyekundu na manjano na kijani, kurasa na kurasa. Nikaliacha mezani. Nikamwambia ni ile karatasi niliyobandika kwenye kisanduku. Tulikaa siku zote zile tukitafuta kitu kilichokuwa kwenye pipa la mchele la mdogo wangu, na aliyekificha alikificha kwa sababu mimi mwenyewe nilimwandikia kwa herufi kubwa kwamba akigusa atafukuzwa. Mhasibu naye alijua tangu jioni ile kwamba ile picha haikuwa ya kawaida. Kompyuta yake ilikuwa imeanza kukwamakwama. Hakupiga simu. Alikuwa amesoma karatasi zangu nyingine.

Jina la Mzee niliandika mimi. Bodi ilitaka jina, na sikuwa na jingine. Nilikuficha hilo kwa sababu nilijua utaniangaliaje. Nimelifuta mbele yao kwa mkono wangu. Nitakuja kumwomba radhi mwenyewe, si kwa barua.

Unabaki kazini, na onyo la maandishi ambalo nimelipinga nikashindwa. Mzee amerudishwa leo. Mimi nimewekewa mkubwa juu yangu kutoka Chennai, kijana mwenye suruali fupi. Sawa. Nitamfundisha kula bisi.

Humu nimekutilia karatasi mpya ya kisanduku. Kila Ijumaa kitachomekwa mpaka kimalize kunakili, halafu kitachomolewa. Kazi hiyo ni yako, na iko kwenye orodha ya kazi zako kwa sahihi, ili asije mtu akasema ulijitwika. Kabla ya kubandika, isome.

Dada yako,
Kayal

* * *

Vellampudur
Ijumaa, 10 Oktoba

Dada Kayal,

Leo simu zimerudi ndani ya gunia lilelile. Yangu ina harufu ya mchele wa watu. Ningeweza kukupigia, lakini nimezoea kukuandikia, na mambo mengine yanataka karatasi.

Karatasi yako nimeibandika. Mzee alisimama nyuma yangu na chai yake akaisoma kwa sauti, polepole, kama anasoma mashtaka: "Ukinigusa, sema. Hakuna atakayekufukuza." Akaguna. Akasema, "Huyu dada yako amejifunza kuandika." Halafu akaniambia nikuandikie kwamba ukija kumwomba radhi uje na jalebi, zile tamu za duka la stendi, maana radhi kavu inamkwama kooni.

Nimekichomeka leo, baada ya saa ya Rahu kupita. Usicheke. Jicho likawaka kijani, Iniya akalinyooshea kidole akasema "ta". Tulikaa nacho mpaka kikamaliza. Nikakichomoa, nikakifunika kwa kitambaa kikavu. Kikavu kabisa, dada, nilikianika juani.

Nilitaka kumwomba Mzee msamaha vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumatatu. Nikamsubiri amalize kupima debe la mwisho, nikamwita, nikaanza, "Mzee, siku ya puja…" Hakunigeukia. Alikuwa anapangusa mizani. Akasema, "Mama Iniya, mwakani ukitaka kukipa kisanduku taji, nunua maua yake. Usikate taji la mizani yangu. Siku ile nimetoka getini nakuta mizani ina taji fupi kama kola ya mbwa."

Akatoka kwenda kumpa paka maziwa.

Alijua, dada. Siku zote zile alizokaa peke yake kwenye lile benchi, watu wakimcheka, polisi wakiwa njiani, alikuwa anajua.

Njoo Jumapili. Jalebi zisisahauliwe.

Mdogo wako,
Vennila